Mjerumani Aliyembeba Bibi

Juzi juzi nilisimama sokoni mbele ya mzee mmoja anayeshona makatambuga, vile viatu vya tairi, nikaganda pale kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Sikutaka kununua kitu. Ilikuwa ile harufu tu, harufu ya tairi kuukuu linapopasuliwa kwa kisu kikali. Nyie mnaweza mkaiona harufu mbaya, na siwalaumu. Mimi ikinipata puani namwona baba yangu amekaa kitako uwanjani kwetu Kibiti, futikamba ya ushonaji ikining'inia shingoni, anakata pete za mpira za kuweka kwenye miguu ya Mjerumani. Mzee wa makatambuga akaniuliza, "Namba ngapi, mama?" Nikababaika. Ningeanzia wapi kumweleza?

Basi nawaeleza nyie.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na kabla ya miaka ya ruksa alikuwa fundi wa kutajwa. Sikukuu ikikaribia watu walipanga foleni barazani kwetu na vitambaa vyao mkononi. Kisha ruksa ikaja, biashara ikafunguliwa milango, mitumba ikaja nayo, marobota kwa marobota, na watu wakagundua kwamba shati la Ulaya lililokwisha kuvaliwa linawapendeza kuliko jipya la baba. Mwingine angenuna mpaka leo. Baba akahamia kwenye kupunguza na kuongeza. Suruali za wazungu warefu alizifupisha, makoti ya wazungu wanene aliyabana. Alikuwa na msemo wake, eti nguo ya mtumba haina kosa lolote, inasubiri tu kukatwa upya kwa mwili wa mtu wa hapa. Kwa hiyo siku aliporudi na gari, nalo la mtumba, hatukushangaa sana. Kilichotushangaza ni jinsi lilivyokuwa fupi.

Lilikuwa la mtaalamu mmoja wa mambo ya mpunga aliyekuwa akirejea kwao Ulaya. Gari la Kijerumani, rangi ya chai ya maziwa, viti vya kitambaa cha buluu. Baba alikipapasa kile kitambaa kabla hata hajafungua boneti. Lakini jamani, lilikuwa limekaa chini! Tumbo lake na ardhi vilikuwa vikinong'onezana. Watoto wa mtaa mzima tulilizunguka, tukawa tunainama kuona kama kuna nafasi ya kuku kupita chini yake. Kuku alipita, lakini alijibana.

"Mama!" baba aliita akishuka, meno yote thelathini na mbili nje. "Mama, njoo umwone Mjerumani wako!"

Bibi, mama yake mzazi, alikuwa barazani akipepeta mchele. Akausimamisha ungo.

"Nani?"

"Mjerumani, mama. Nimekuletea."

Bibi akaweka ungo chini, akatafuta mkongojo wake, akajiinua kwa taabu, akaingia ndani. Mlango ukafungwa. Kisha tukamsikia kwa ndani: "Mjerumani halali uwanjani kwangu."

Akalala, maana angelala wapi? Lakini Bibi hakutoka mpaka adhana ya magharibi.

Bibi alikuwa Mmatumbi, mtu wa milimani kule kusini, aliyeolewa Kibiti akiwa msichana. Mimi nilijua tu kwamba wazee wa kule hawalipendi jina hilo, mambo ya vita vya zamani, na kwa akili yangu ya darasa la tatu nikaamua kwamba Bibi anaogopa wazungu. Nikamwonea huruma. Nikamweleza kwamba mzungu mwenyewe hayumo ndani ya gari, ameshapanda ndege. Bibi akanitazama, akasema, "Ahsante, mke mwenzangu, kwa kunitoa wasiwasi." Ndivyo alivyokuwa akiniita, mke mwenzake.

Na uchungu wa jambo lenyewe ni kwamba gari lile lilinunuliwa kwa ajili yake. Bibi alikuwa na dada mmoja tu duniani, tukimwita Bi Mkubwa, aliyebaki kule kwao milimani, ukishavuka mto Rufiji na kuipita Nyamwage. Ndiye aliyemlea. Walikuwa hawajaonana tangu Bibi alipoteleza njia ya kisimani akaumia nyonga. Alijaribu kwenda kwa basi, wakamrudisha kutoka Ikwiriri amelazwa juu ya magunia ya lori, analia kwa sauti. Sikuwahi kumwona Bibi akilia kabla ya siku ile, na sikutaka kumwona tena. Tangu hapo kila msafiri aliyetoka kusini aliitwa barazani kwetu aulizwe habari za barabara.

Masika yalikuwa yanakaribia. Mvua ikishachanganya, barabara ile ilikuwa ikikatika kabisa, na Bi Mkubwa alikuwa mtu mzima sana. Hilo ndilo lililomkosesha baba raha: ama mama yake afikishwe kwa dada yake kabla ya mvua, ama wawili wale wasionane tena.

"Si umwite jina jingine hilo gari," mama alimshauri.

"Nimwite nani? Mwingereza?"

"Hapo ndio utaharibu kabisa, Baba Mwajuma. Mwite gari."

Lakini jina likishashika Kibiti, limeshika. Hata muuza maji alikuwa akisimama kumjulia hali Mjerumani.

Safari ya kwanza ya majaribio haikufika mbali. Malori yalikuwa yameichimba barabara mifereji miwili ya matairi, na katikati yake tuta la mchanga mgumu. Mjerumani akaingia, akapanda tuta kwa tumbo, akatulia juu yake matairi yakizunguka hewani. Tulisukumwa na wachoma mkaa. Baba alirudi nyumbani, akalala chini ya gari kwa muda mrefu na futikamba yake, halafu akatoka na vumbi kwenye nyusi akatangaza kwamba ameona tatizo.

"Limekatwa kwa barabara za kwao. Tulipandishe pindo."

Mafundi wa Kibiti walizoea malori, na dawa yao kubwa ilikuwa nyundo. Baba akasema gari hili atalitengeneza mwenyewe. Mama akamwuliza tangu lini amekuwa fundi magari. Akajibu kwamba nguo na gari ni kitu kimoja, vyote vina maungio, na kinachochakaa kwanza ni kwenye maungio. Mama akaangalia juu, akamwachia Mungu.

Akapata springi nzito za gari la mizigo, zile nyuzi nene za chuma zilizojiviringa ambazo gari hukalia, akazikata kwa msumeno na kuzifunga. Wee! Mjerumani akainuka. Akasimama mrefu, matako juu, kuku akapita chini yake bila kuinamisha kichwa. Baba akalizunguka gari akipiga makofi mwenyewe.

Mama ndiye aliyemharibia sherehe. "Limeinuka, sawa. Lakini utajuaje kama nyonga ya mama itavumilia?"

Baba akaacha kupiga makofi. Mama, ambaye ni mtu wa Mbwera, mtu wa visiwani aliyekulia kwenye mitumbwi, akaingia ndani akatoka na karai lake la bati jeupe lenye maua mekundu ubavuni kwa ndani. Akalijaza maji mpaka ukingoni. Akaniweka kiti cha nyuma, pale pale atakapokaa Bibi, akanipakatisha karai mapajani. "Usishike kwa nguvu," akaniambia. "Kaa kama Bibi yako anavyokaa. Tutaona maji yatasemaje."

Maji yalisema mengi. Gari lile lilikuwa gumu kama benchi la shule. Kila shimo lilinirusha, kila jiwe dogo lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye meno. Hatujafika hata kwenye mikorosho ya nje ya mji karai lilikuwa tupu na mimi nimelowa kuanzia kifuani hadi miguuni. Tuliporudi Bibi alikuwa amechungulia mlangoni. Akanitazama ninavyochuruzika, akamwambia baba, "Huyo mtu wako kamwogesha mke mwenzangu na nguo zake." Kisha akacheka, na mlango safari hii hakuufunga.

Hapo ndipo baba alipoelewa kazi aliyojitwisha. Gari likiwa laini linalala chini na kukwama. Likiinuliwa kwa springi ngumu linavunja watu viuno. Yeye alitaka refu na laini, vyote viwili kwa pamoja. Alikaa na jambo hilo kichwani mpaka akaanza kushona vifungo upande usio wake, wateja wakalalamika.

Aliyemfungua macho ni mjomba wangu, kaka yake mama, mkata nguzo za mikoko kule Mbwera. Alikuja kutusalimia, akasikia kisa chote, akauliza kitu kimoja tu: "Kwani mkiwa na kitanda kifupi mnabadilisha godoro?" Baba akamtazama. "Si mnatia magogo chini ya miguu!" Safari iliyofuata mjomba akaja na vipande vya msinzi, mti wa mikokoni mzito ambao hata msumari unaukataa. Baba akavichonga kuwa visahani vinene, vya kukaa chini ya zile springi za awali, za gari lenyewe, zilizokuwa laini. Hizo hazingekatwa. Zingekalishwa tu juu zaidi.

Na bushi, zile pete ndogo za mpira zinazokaa kwenye maungio ili chuma kisigongane na chuma, zilikuwa zimekwisha kabisa. Ndipo tairi kuukuu likaingia uwanjani kwetu. Baba alizipima na kuzikata kama anavyokata kola, akizisugua kwa msasa, akizijaribu, akizitupa, akianza upya. Mimi nilikuwa naziokota zilizotupwa nazivaa kama bangili. Shokapu, yale mabomba ya mafuta yanayoizuia springi isirukeruke, alizifuata Dar es Salaam kwenye vyuma chakavu, akarudi nazo amezifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga.

Kikabaki kitu kimoja: kuzitoa zile springi ngumu, maana za awali, kwa ulaini wake, zilitoka bila ubishi. Springi ngumu ikiwa imefungwa kwenye gari ina nguvu ya kumvunja mtu taya ikifyatuka, na chombo cha kuibana hatukuwa nacho. Baba akawaza hivi: gari likijazwa watu wazito, springi zitajibana zenyewe. Akiwa chini atazifunga kwa minyororo zikiwa zimebanwa hivyo hivyo, watu washuke, gari linyanyuliwe kwa jeki, springi itoke imefungwa. Akapita mtaani kuwaalika kinamama wenye miili yao. Na kwa kuwa ni mtu wa adabu, hakuweza kuwaambia kwa nini amewachagua wao. Akawaambia, "Kesho asubuhi nina shughuli kidogo nyumbani, ya gari, naomba mje mpande."

Nyie mnajua pwani ukisema shughuli watu wanasikia nini.

Walikuja wamepamba! Doti mpya za kanga, hina, wanja, manukato ya kuumiza kichwa. Mama Shamte, muuza vitumbua, mwanamke mkubwa kuliko wote mtaani, alikuja na kilemba cha dhahabu na zawadi ya vikombe. Wakaingia ndani ya gari kwa vigelegele, wakabanana, Mjerumani akashuka chini mpaka ikabaki nafasi ya mtu kujibana tu. Baba akajipenyeza kwa chini na minyororo yake.

"Bwana harusi yuko wapi?" Mama Shamte akauliza dirishani.

"Niko huku chini!" baba akajibu. "Jamani msitingishike!"

"Tunaondoka saa ngapi?"

"Hamwondoki. Mkae tu hivyo hivyo, inatosha."

Kilemba cha dhahabu kikainama dirishani. Halafu Mama Shamte, taratibu: "Fundi. Umetuita hapa tuwe mawe?"

Bibi alikuwa barazani. Nilimsikia akianza kucheka polepole, kisha akashindwa, akaegemea nguzo, machozi yakamtoka, akiita, "Nyonga yangu! Nyonga yangu jamani, msiniue!" Kinamama nao wakaangua kicheko, gari likatikisika, baba akapiga kelele huko chini. Springi zilitoka salama. Mama ilibidi apike pilau siku ile, na Mama Shamte vikombe vyake aliondoka navyo.

Baada ya hapo nilipakata karai mpaka magoti yakazoea. Baba alikuwa akiendesha, anarudi, analala chini, anabadilisha pete hii, anakaza ile, tunakwenda tena. Maji yakaanza kubaki. Kwanza kidogo chini kabisa, kisha yakagusa maua, hatimaye siku moja tukarudi na maua yote yako chini ya maji na gauni langu limelowa tu kwenye pindo. Mama alilipokea karai dirishani, akaliangalia, akalipeleka barazani akaliweka mbele ya Bibi. Bibi akatia vidole ndani ya maji.

Keshoye kijana mmoja wa ukoo akashuka kutoka milimani. Bi Mkubwa hali tena chakula, alisema. Anamwita mdogo wake. Upande wa bahari mawingu yalikuwa yameshaanza kujipanga, na baba akasimama uwanjani akimwangalia mama yake, hathubutu kumwomba apande.

Bibi akaniita. "Mke mwenzangu. Wewe ndiye uliyekaa humo. Nikikaa mimi, nitaumia?"

Nilifikiri sana, maana niliulizwa kama mtu mzima. "Utaumia kidogo, Bibi. Kwenye mashimo makubwa."

"Kuumia kidogo nakuweza," akasema. "Nipakieni. Ila mimi siongei naye."

Tukampakia na mito yake yote. Mimi nikakaa pembeni yake. Baba aliendesha siku ile kama mtu aliyebeba mayai ya serikali, jasho linamtiririka shingoni, kila tuta analiomba ruhusa. Tukavuka Rufiji kwa pantoni, Bibi ameukodolea macho mto ule kwa muda mrefu mpaka nikamvuta kanga aniangalie. Tukapita Nyamwage. Tulipoiacha barabara kubwa na kuanza kupanda milima, kukasikika mlio chini yetu, chuma juu ya chuma. Pete moja imekufa. Baba akasimamisha gari, akachukua kopo lake la vifungo ambamo alikuwa ameweka pete za akiba, akaingia chini. Matone ya kwanza ya mvua yakagonga bati la gari, makubwa makubwa. Nikamwona Bibi anatoa mkono dirishani. Akaupiga mlango kwa kiganja, taratibu, kama unavyompigapiga mtoto mgongoni.

"Haya, wewe," akanong'ona. "Nyanyuka. Nifikishe."

Akatufikisha.

Bi Mkubwa alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba karibu na mlango, amekonda akawa mdogo kuliko mimi, macho yameingia ukungu. Walipokutana hawakulia. Bibi alikaa ukingoni mwa kitanda, wakashikana mikono, wakaamkiana kwa Kimatumbi salamu ndefu zisizoisha, za mifugo, za mashamba, za watu waliokwisha kufa. Nilikuwa nakisikia Kimatumbi nusu nusu tu, lakini haya yaliyofuata niliyaelewa yote.

"Umekujaje na nyonga hiyo?" Bi Mkubwa aliuliza.

Bibi akainama, akaweka mdomo sikioni kwa dada yake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile alipojifungia ndani akalitamka jina. "Nimeletwa na Mjerumani."

"Na nani?"

"Mjerumani, dada. Kanibeba toka Kibiti mpaka hapa mlangoni kwako."

Mkono wa Bi Mkubwa ukapanda polepole ukagusa paji la uso la Bibi, ukalipapasa.

"Na baba je?" akauliza. "Kamrudisha?"

Watu wote mle ndani waliacha walichokuwa wakifanya. Bibi akaushika ule mkono uliokuwa usoni kwake.

"Bado, dada. Kaanza na mimi."

Mimi nikacheka. Nilidhani ni mzaha mzuri wa wazee. Nikatoka mbio mvuani nikamsimulie baba, nikaona miguu yake tu imetokeza chini ya gari. Nikamsimulia hapo hapo nikiwa nimechuchumaa. Nikasikia kitu kikianguka huko chini.

"Baba, kuna kilichokatika?"

"Hakuna, mwanangu," sauti ikatoka kwa chini. "Gari ni zima. Nenda ndani utalowa."

Mvua ilikata barabara usiku ule ule, tukakaa kule milimani mpaka kiangazi. Bi Mkubwa alifia mikononi mwa mdogo wake. Bibi naye aliishi miaka mingine kadhaa, na ni baada ya kumzika yeye ndipo baba aliponieleza. Katika vita vile vya kwanza vya dunia, vya wazungu wenyewe kwa wenyewe, Mjerumani alikuwa akikamata wanaume wa kumbebea mizigo kuelekea mtoni Rufiji. Baba yao alichukuliwa akiwa shambani. Bi Mkubwa alikuwa msichana mdogo ameshika upindo wa nguo yake, akaachanishwa nayo. Bibi alikuwa tumboni. Baba yao hakurudi, hakuna kaburi, hakuna aliyeleta habari. Hakuna picha pia. Bibi aliijua sura ya baba yake kwa kusimuliwa na dada yake tu, aliyekuwa akimwambia tangu utotoni, paji hili la uso ni lake. Ndiyo maana safari ile haikuweza kungoja mvua ipite.

Na mimi miaka yote ile nilidhani Bibi anamwogopa Mjerumani. Kumbe alikuwa anamdai baba yake.